Springi Inayokubali Kupinda

   

Leo tuzungumzie springi za nyuma za pikapu. Nimelichagua jambo hili kwa sababu kiangazi kinaelekea ukingoni. Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba, inakwenda mpaka Aprili, na kule Rungwe Mei inaingia watu bado wanatembea na miamvuli. Kwa hiyo huu ndio wakati wenye pikapu wanapeleka magari gereji kuyaandaa kwa ajili ya tope. Wengi wanafika na agizo moja: "Fundi, niongezee majani, nyuma panalala." Fundi anafungua springi, anaongeza jani moja au mawili ya chuma, anafunga. Nyuma panainuka, mwenye gari analipa, anaondoka ameridhika.

Ninachotaka kukuambia ni hiki: kwa njia zetu hizi, springi nzuri ni ile inayokubali kupinda. Ukiikaza kupita kazi yake, gari linapungukiwa uwezo wa kupita pabaya, haliongezewi. Na ule mzigo ambao springi imeukataa haupotei. Unapokelewa na chesisi, unapokelewa na ekseli, unazisumbua breki, na mwisho unawafikia watu waliokaa juu ya magunia.

Tuanzie njiani kwenyewe. Chukua barabara za vijijini za Umalila, ukitoka Mbalizi kupanda Santilya na Ilembo, au zile za pembeni kule Isyonje na Kikondo, upande wa Kitulo. Udongo wa milima ya Uporoto ni wa volkano, mwepesi, na ukilowa unachimbika upesi. Malori ya viazi yakipita mara kadhaa kwenye mvua, njia inabaki mitaro miwili mirefu, na katikati yake mgongo wa tope. Pikapu yako inaingia pale. Gurudumu la nyuma la kushoto linazama mtaroni, la kulia linapanda juu ya mgongo. Ekseli imelala upande, bodi inataka ibaki sawa. Hapo kazi yote ni ya springi. Ya kulia inatakiwa ikandamizike, ya kushoto inatakiwa ijiachie ishuke, ili magurudumu yote mawili yaendelee kukanyaga udongo.

Springi laini inafanya hivyo. Springi iliyoshindiliwa majani haifanyi. Upande wa kulia unagoma kukandamizika, bodi inainuka nzima upande huo, inalinyanyua na gurudumu la kushoto. Linabaki likielea, au likiparaza tope juujuu.

Kinachofuata ni cha difu, ile inayoyagawia magurudumu ya nyuma nguvu ya injini. Difu ya kawaida, isiyo na kufuli, huzipa pande zote mbili nguvu iliyo sawa. Gurudumu lililo hewani linahitaji nguvu kidogo sana kuzunguka, na lile lililokanyaga chini halipewi zaidi ya hiyo kidogo. Ndiyo maana unaona tairi moja linazunguka kwa kasi, linarusha tope hadi kwenye vioo, na gari halisogei. Dereva anaongeza mafuta. Abiria wanashuka kusukuma, vijana wanakata matawi, mwingine anatafuta cheni afunge kwenye tairi. Tunailaumu barabara, tunailaumu injini. Kumbe gari limekwama kwa sababu gurudumu moja limenyimwa nafasi ya kushuka sentimita kumi.

Mtu anayeteremka mlima na gunia la mahindi begani hukunja goti kila hatua. Akikakamaza mguu, anaanguka yeye na gunia lake. Springi ndiyo goti la gari.

Wahandisi wa magari walilitambua hili zamani. Land Rover ya kwanza, ile ya mwaka 1948, ilikuwa na springi za majani mbele na nyuma, ngumu kwelikweli. Waliopanda nyuma ya Land Rover 109 ya baadaye mgongo wao unakumbuka. Mwaka 1970 kampuni hiyohiyo ikaleta Range Rover yenye springi za koili kwenye magurudumu yote manne, laini na zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na gari lile likapita mahali ambapo ndugu zake wenye springi ngumu walihangaika. Mwaka 1983 Land Rover 110 ikafuata nyayo hizo. Yaani kampuni iliyojenga jina lake kwenye njia mbaya, ilipotaka kupita vizuri zaidi, haikuongeza ugumu. Iliupunguza. Toyota nao, walipoleta Land Cruiser pikapu ya 79 mwaka 1999, mbele waliweka koili, nyuma wakaacha majani.

Na walikuwa na sababu ya kuyaacha majani nyuma. Springi ya majani inafanya kazi mbili kwa pamoja: inabeba mzigo, na inaishika ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Inavumilia uzito, na ikikatika fundi wa Makongolosi anaibadilisha kwa jeki na spana alizonazo. Kwa hiyo sisemi kwamba majani ni ya kizamani, tuyatupe. Nasema tuyaelewe.

Mikoa hii ya Nyanda za Juu Kusini, ndugu msikilizaji, inazijua springi kuliko mikoa mingi. Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilifungiwa njia yake ya mafuta ya kusini. Mafuta yakaanza kupelekwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, kwa barabara ya vumbi wakati wa jua na ya tope wakati wa mvua, kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma. Barabara ile iliitwa njia ya jehanamu, na waliosafiri pale hawakuona kwamba jina limezidi. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, kati ya Tanzania na Zambia, likaanza kusukuma mafuta, na lami ya barabara kuu ikaja baadaye. Kabla ya hapo, springi za malori yale ndizo zilizobeba sehemu ya uhai wa nchi jirani.

Leo barabara kuu ni lami. Lakini viazi havilimwi kando ya lami. Pareto ya Umalila, mbao za Mufindi, nyanya za Ilula, parachichi za Rungwe, mahindi ya Ismani, vyote vinaanza safari kwenye njia ya udongo, na mara nyingi vinaanza safari hiyo nyuma ya pikapu.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea. Chukua springi yenye majani matano, kila jani unene wa milimita 6. Ukiongeza la sita lililo sawa na mengine, umeongeza ugumu kwa sehemu moja ya tano, yaani asilimia 20. Hilo linavumilika. Lakini jani linaloongezwa mara nyingi si la pikapu. Limetolewa kwenye lori bovu, likakatwa kwa urefu unaohitajika. Ni nene zaidi, na unene ndio wenye siri. Ugumu wa jani haupandi sambamba na unene. Unapanda kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Jani la milimita 8, kwa upana na urefu uleule, lina ugumu wa majani mawili ya milimita 6 na zaidi ya theluthi ya la tatu. Jani la milimita 10 lina ugumu unaokaribia majani matano. Sikiliza vizuri: ukichomeka jani moja la milimita 10 kwenye springi ile, umeweka karibu springi nyingine nzima. Kwa macho umeongeza jani moja tu. Gari linajua umeongeza nini.

Urefu nao una nguvu hiyohiyo, ila kwa upande wa pili. Springi ndefu ni laini, springi fupi ni ngumu. Ndiyo maana springi iliyotengenezwa kwa ajili ya njia mbaya huwa ndefu, yenye majani membamba, na chini kabisa ina jani moja nene lililonyooka ambalo haliguswi mpaka mzigo uwe mkubwa. Gari likiwa tupu linatembea kwa majani membamba. Likipakiwa, yale ya juu yanashuka hadi yanaegemea lile la chini, na hapo ndipo ugumu unapoingia kazini, wakati unahitajika. Springi ya aina hiyo inafaa kwa mizigo miwili, mwepesi na mzito. Springi iliyoshindiliwa inafaa kwa mzigo mmoja tu, ule mzito kupita yote, na siku nyingine zote inakuadhibu.

Adhabu hiyo anaijua kila aliyepita na pikapu tupu, iliyokazwa nyuma, kwenye barabara ya changarawe kutoka Iringa kwenda Hifadhi ya Ruaha, sehemu zile zenye vijituta vidogovidogo vilivyofuatana. Nyuma panarukaruka, tairi zinagusa na kuachia, na kwenye kona mkia unahama kwenda pembeni. Magari mengi yanayoacha njia sehemu kama hizo hayakuzidiwa na mwendo peke yake. Tairi za nyuma hazikuwa zinashika barabara.

Kisha kuna chesisi. Chesisi ya pikapu hupasuka au kupinda mara nyingi nyuma kidogo ya kichwa cha gari, pale kichwa kinapoishia na bodi ya mizigo inapoanza. Sababu ni kwamba kwenye pikapu ya milango minne, sehemu kubwa ya bodi iko nyuma ya ekseli. Gunia linalokaa karibu na mlango wa nyuma linaikandamiza nyuma na kuinyanyua mbele kwa wakati mmoja, na katikati chesisi inavunjwa kama inavyovunjwa fimbo gotini. Springi ikiwa na uwezo wa kupinda, inameza kila kishindo. Ikikataa, kishindo kinakwenda kwenye chesisi kikiwa kizima. Australia, nchi yenye pikapu nyingi na njia ndefu za vumbi, wamelipia somo hili. Wengi walifunga mifuko ya hewa kati ya ekseli na chesisi ili nyuma pasishuke. Springi ya majani inaupeleka mzigo kwenye chesisi kwa ncha mbili, ya mbele na ya nyuma. Mfuko wa hewa unausukuma mahali pamoja, katikati. Chesisi zikawa zinapinda. Anayechomelea kipande cha chuma au kubananisha raba ngumu juu ya ekseli ili "pasigonge" anafanya kosa lilelile kwa gharama ndogo zaidi na matokeo yaleyale.

Naomba sasa tuingie pamoja chini ya gari. Egesha mahali sawa, weka mawe kwenye tairi, chukua tochi. Angalia pale springi inapokaa juu ya ekseli. Utaona bolti mbili zilizopindwa mfano wa herufi U, kila upande, zimeikumbatia springi na ekseli. Katikati yake, imejificha, kuna bolti moja ndogo inayopita kwenye majani yote. Mafundi wanaiita senta bolti. Kichwa chake kinakaa ndani ya tundu kwenye kikalio cha ekseli. Bolti hii haikuwekwa ibebe nguvu ya gari. Kazi yake ni kuonyesha mahali sahihi pa kukaa. Nguvu inabebwa na mbano wa zile bolti za U. Zikilegea, majani yanaanza kusogea, ile ndogo inabebeshwa kazi isiyo yake, na siku moja inakatika. Ekseli inarudi nyuma upande mmoja, gari linaanza kwenda mshazari, na dereva anadhani usukani umeharibika.

Dalili zake zinaonekana mapema. Ukiona unga mwekundu wa kutu unatoka kati ya jani na jani pale kwenye mbano, au chuma kinang'aa pembeni kwa kusuguliwa, springi inacheza. Ukiona tairi ya nyuma haiko katikati ya tundu lake, ya upande mmoja ikiwa karibu na bodi kuliko ya upande wa pili, ekseli imeshahama. Na ukifungua springi, usirudishe bolti za U za zamani. Zikikazwa mara moja huvutika kidogo, na zilizokwisha kuvutika hazibani tena kama mpya. Weka mpya, kaza gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kisha rudi gereji baada ya siku chache za kazi zikazwe tena. Kurudi huko ndiko watu wengi wanakokudharau.

Ukiwa hapohapo chini, gusa bushi, zile raba kwenye ncha za springi. Zikipasuka, ekseli inacheza hata kama springi ni mpya. Angalia shokapu kama zimelowa mafuta. Shokapu haibebi mzigo. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo, na inafanya hivyo kwa kupitisha mafuta kwenye vitundu vidogo na kugeuza mtikisiko kuwa joto. Iliyovuja imeshaacha kazi. Na tafadhali, usimwagie springi oili chafu kama dawa ya kelele. Oili inakula raba za bushi na inakamata mchanga. Safisha kwa brashi ya waya, paka grisi yenye grafiti kati ya majani.

Kuna jambo la chuma chenyewe. Jani la springi si chuma cha geti. Limepashwa moto mpaka likawa jekundu, likapozwa ghafla kwenye mafuta, kisha likapashwa tena kwa joto la chini ili liwe gumu na bado lipinde bila kukatika. Ukilichomelea, umeiharibu kazi hiyo mahali pale. Ndiyo maana jani lililochomelewa hukatika tena, mara nyingi kando tu ya ule mchomeleo. Ukilipasha moto wa jiko ili lirudi upinde wake, litakaa juu wiki chache, halafu litalala chini kuliko mwanzo. Fundi mzoefu anaweza kulirudisha kwa nyundo likiwa baridi. Hiyo ni kazi ya heshima na ina wenyewe. Jani lililokatika libadilishwe, na springi zibadilishwe mbili kwa pamoja, kulia na kushoto. Bandu bandu huisha gogo: ufa unaanzia kwenye kidoa cha kutu, kila shimo linaurefusha kidogo, na kukatika kwenyewe kunatokea siku ambayo mzigo ni mkubwa na mko mbali na kwenu.

Vipi kuhusu kunyanyua gari? Wapo wanaohitaji kweli. Mtu anayekwenda Lupa au bonde la Usangu wakati wa mvua anataka difu ipite juu ya mgongo wa njia. Lakini njia za kunyanyua hazilingani. Kuweka kipande cha chuma kati ya ekseli na springi ni rahisi, ila kinaipa ekseli mkono mrefu wa kuipindua springi kila unapokanyaga mafuta au breki. Kuweka kipande cha mbao ni hatari, sina neno lingine. Kurefusha vile vyuma viwili vinavyoning'iniza ncha ya nyuma ya springi kunanyanyua nusu tu ya ulichoongeza: refusha sentimita 5, gari linapanda kama sentimita 2 na nusu, na wakati huohuo pua ya difu inageuka na krosi za propela zinafanya kazi kwa pembe mbaya mpaka zinaanza kulia. Iliyo bora ni springi mpya yenye upinde mkubwa zaidi, na isizidi sentimita 5 kwa gari linalofanya kazi kila siku. Gari refu juu linapinduka upesi, na milima yetu haina sehemu tambarare ya kujaribia.

Sasa nifike kwenye breki, na hapa naomba anayepika asogee karibu na redio.

Pikapu nyingi, Hilux zikiwemo, zina vali ya breki za nyuma inayohisi mzigo. Iko kwenye chesisi, na ina mkono mwembamba ulioshuka hadi kwenye ekseli. Gari likiwa tupu, nyuma pako juu, mkono umekaa namna fulani, na vali inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili tairi zisijifunge na kuteleza. Gari likipakiwa, nyuma panashuka, mkono unasogea, na vali inaruhusu nguvu zaidi kwa sababu tairi za nyuma sasa zina uzito wa kuzishikisha barabara. Ni ubunifu mzuri sana, na unategemea kitu kimoja: umbali kati ya chesisi na ekseli.

Fundi anapoongeza majani au kuweka kipande cha kunyanyua, umbali ule unabadilika. Nyuma hapashuki tena hata gari likiwa na magunia kumi. Vali inaona gari tupu. Inaendelea kuzinyima nguvu breki za nyuma wakati ambapo mzigo wote uko nyuma. Breki za mbele zinafanya kazi yao na ya wenzao. Kwenye tambarare hutaligundua hilo. Utaligundua Kitonga, ukishuka kuelekea Ruaha Mbuyuni, kona baada ya kona, mbele yako lori, nyuma yako basi. Au kwenye mteremko wa Iwambi ukiingia Mbalizi, mahali ambapo mkoa wa Mbeya umezika watu wengi mno. Breki za mbele zinapata joto, mafuta ya breki yakizeeka na kuwa na maji yanachemka, na pedali inazama hadi chini bila kukamata.

Kwa hiyo kila anayebadilisha kimo cha nyuma lazima arekebishe mkono wa vali ile ulingane na kimo kipya. Aangalie pia hozi ya breki inayoshuka kwenye ekseli: anyanyue gari kwa jeki kwenye chesisi mpaka magurudumu yaning'inie, kisha atazame kama hozi imevutika, kama waya wa breki ya mkono umekaza, kama shokapu imefika mwisho wake. Springi ikiruhusu gurudumu lishuke zaidi ya urefu wa shokapu, shokapu itang'oka au itakatwa. Springi mpya ndefu inataka shokapu ndefu, na zenye nguvu inayolingana nayo. Na taa za mbele zipimwe upya, kwa sababu nyuma pakinyanyuka taa zinalala chini na usiku unaona karibu tu.

Basi, anayetaka kuitayarisha pikapu yake ipasavyo afanye nini? Kwanza aujue mzigo wake wa kila siku, si ule wa siku moja ya mavuno. Pikapu nyingi zimeundwa kubeba kiasi cha tani moja, na tani hiyo inahesabu watu. Watu watano wa kilo 70 ni kilo 350. Zilizobaki ni 650: magunia sita ya kilo 100, na bado hujahesabu bampa la chuma, keria na tairi ya pili ya akiba. Na hapo nazungumzia gunia la kilo 100 lililo halali. Lumbesa ya viazi, ile iliyoshonewa kilemba juu, inapita hapo mbali. Lumbesa inamwibia mkulima shambani, na kisha inavunja chesisi ya anayeibeba. Mizani za Wenda na Makambako zinapima magari yenye uzito kuanzia tani 3.5, pikapu ndogo inapita bila kuulizwa. Kwa hiyo anayepaswa kuipima ni wewe mwenyewe, na mizani ya sokoni inatosha.

Pili, rudisha kilichochakaa kabla ya kuongeza kipya. Mara nyingi nyuma panalala kwa sababu bushi zimekufa na jani moja limekatika kimyakimya. Tatu, kama mzigo wako ni mzito kweli, nunua springi iliyotengenezwa kwa ajili ya gari hilo na uzito huo, yenye jani la akiba chini, pamoja na shokapu zake. Nne, panga mizigo mizito mbele ya ekseli, karibu na kichwa cha gari, myepesi nyuma. Tano, jifunze kupunguza upepo wa tairi. Kwenye tope na mawe, tairi iliyopunguzwa upepo kiasi inatanuka na kukumbatia ardhi, na hiyo ni springi isiyokugharimu kitu. Ila beba pampu, ujaze kabla ya kurudi lami. Sita, ukibadilisha chochote, iarifu bima yako. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka mwenye gari alitumie likiwa katika hali isiyohatarisha watu, na kampuni ya bima ikikuta gari si lile iliyoliandikia mkataba inaweza kukataa kulipa.

Najua kuna msikilizaji anasema: wewe unazungumza, lakini barabara yenyewe haipo. Ana haki. TARURA ilianzishwa mwaka 2017 kwa ajili ya barabara hizi za vijijini na mijini, na mfereji mmoja uliochimbwa vizuri kando ya njia ya Ilembo au Kilolo unaokoa springi nyingi kuliko gereji zote za Ipogolo. Tudai mifereji hiyo kwenye vikao vya kata, tena kabla ya mvua. Lakini tukiwa tunadai, gari tunaliendesha leo, na wanaolipanda ni watu wetu.

Nimalizie kwa mafundi, ambao nawaheshimu sana. Mteja akija na agizo la majani mawili, muulize anabeba nini, anapita wapi, anapakia watu wangapi. Ingia naye chini ya gari, mwonyeshe senta bolti, mwonyeshe mkono wa vali. Kama kazi anayoitaka itaharibu breki, mkatalie, hata kama jirani yako ataifanya. Vijana wanaotoka VETA Mbeya na VETA Iringa wanajifunza kutoka mikononi mwenu kuliko kwenye daftari; wakiona mnapima kabla ya kukata, nao watapima. Na wewe mwenye gari, ukimpata fundi anayekuuliza maswali kabla ya kushika spana, mlipe vizuri na usimwache. Mvua ikianza Novemba, gari lililotengenezwa na mtu wa namna hiyo litakupeleka Ilembo, litakurudisha Mbalizi, na breki zake zitakamata kwenye mteremko.